Kinyonga mdogo anapokataa kula

Wamama wenzangu, wengi wetu tunamwogopa kinyonga, na watoto wanampiga mawe. Lakini juma hili mwanafunzi wangu mmoja alimlilia. Alimweka kinyonga mdogo ndani ya karatoni, akampa bugali na sambaza, naye siku mbili hakula kitu.

Nilimweleza mtoto: kinyonga hukamata kwa ulimi wake wadudu wanaotembea, kama nzi na panzi wadogo. Kitu kisichotembea hakijali. Maji hanywi katika sahani, hulamba matone juu ya majani. Tena mwili wake haujitengenezei joto. Hapa kwetu Kalehe, karibu mita 1.460 juu ya bahari, asubuhi ni baridi. Bila jua, tumbo lake halisagi chakula. Na kila ukimshika, anaogopa, anazidi kukataa.

Mtoto mwenyewe aliamua kumrudisha kwenye kichaka alikomtoa.

Mtoto wako akileta mnyama nyumbani, usimgombeze kwanza. Muulize: huyu anakula nini, anaishi wapi? Kisha anawe mikono kwa sabuni mbele ya kumshika mdogo wake, kwa sababu vinyonga na kobe wanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.