Kutembea bila kukimbia: siku yetu ya Skeleton Gorge

Wenzetu wa Dzaleka, Nakivale na Nyarugusu, mlipoona picha zetu za msituni mlituuliza swali moja: "Mnakimbia nini tena?" Tulicheka sana. Halafu tukaona tuwajibu vizuri, maana swali lenyewe si la kuchekwa.

Hatukuwa tunakimbia. Tulikuwa tunatembea tu. Sisi vijana kumi na mmoja wa hapa Cape Town, wengi wetu wa Kivu Kusini na wawili wa Burundi, tuliamua kupanda Table Mountain kupitia korongo linaloitwa Skeleton Gorge na kushuka kwa korongo la jirani, Nursery Ravine. Ni njia ya mzunguko: unaanzia bustani ya Kirstenbosch, unamalizia hapo hapo. Jambo hilo tu lilitusumbua siku nyingi. Safari zetu zote kubwa za miguu zilikuwa za kwenda. Mmoja akaandika kwenye WhatsApp, "Sasa kama tunarudi pale pale, tunaenda kufanya nini?" Mama mmoja wa kanisani naye akauliza kama tunalipwa. Tulipomwambia kwamba ni sisi tunaolipa kiingilio, alitutazama kama watu waliopata homa.

Lakini kulikuwa na neno zito zaidi. Dada yetu mmoja hajaingia msituni tangu alipokuwa na miaka tisa, usiku walipotoka kijijini. Anaishi mjini hapa miaka mingi, anasoma, anafanya kazi, ila msitu hapana. Bas, hatukumbembeleza. Tulikaa naye tukamwambia yote: njia inapita wapi, ni sehemu gani ina giza la miti, ngazi ziko wapi, na kwamba kabla ya ngazi mtu anaweza kugeuka akarudi na wenzake wawili bila maneno. Tulimwambia hata maana ya jina, kwamba skeleton ni mifupa ya mtu mzima mzima. Akasema, "Afadhali nijue hapa kuliko kulisoma kwenye kibao." Akaja.

Kirstenbosch ni bustani ya mwaka 1913, mahali pa watu kupiga picha za harusi. Lakini ndani yake kuna kitu kilichotusimamisha kuliko maua: ua wa miti ya mlozi-mwitu, matawi yamelala na kujisokota ovyo. Jan van Riebeeck, mkubwa wa Waholanzi, aliamuru upandwe mwaka 1660 uwe mpaka, Wakhoikhoi na ng'ombe wao wabaki nje. Yaani mwenye nchi ndiye aliyewekewa uzio! Sehemu ya ua huo ingali hai. Sisi tuliovuka mipaka ya Tanzania, Zambia na Zimbabwe hadi kufika huku tulipiga picha pale, kila mtu mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule.

Kisha korongo. Ukiingia tu, jua linapotea. Miti mirefu ya asili, mawe yenye ukungu wa kijani, mizizi iliyovuka njia, kijito kikipiga kelele pembeni. Kwetu pale palifanana mno na nyumbani, na ndiyo shida yenyewe. Tulinyamaza bila kuambizana. Dada akasimama, akashika mti. Hakulia. Aliomba kitu kimoja ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekifikiria: atangulie. Alisema usiku ule watoto waliwekwa katikati, kwa hiyo safari nzima aliona migongo tu, hakuona njia. Tukampisha. Tangu hapo yeye ndiye aliyeamua mwendo, na tuseme ukweli, mwendo wake ulitutoa jasho.

Juu zaidi zipo ngazi za mbao zilizofungwa kwenye mwamba, na baada yake unapanda juu ya mawe penye maji. Pakinyesha panateleza vibaya, msipajaribu wakati wa mvua za Juni hadi Agosti. Vibali vyetu vya ukimbizi tulivifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki kila mtu. Wenye pasipoti hupanda na chupa ya maji. Sisi tunapanda na makaratasi.

Njia hii inaitwa pia Smuts Track, kwa jina la Jan Smuts, waziri mkuu wa zamani aliyependa kupanda hapa hata uzeeni. Mzee huyo alisaidia kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 1945, ule unaotaja haki za binadamu, huku kwake akitawala kwa ubaguzi wa rangi. Ninyi wa mashirika mnaotusoma, hayo tunawaachia mtafune wenyewe.

Ukimaliza korongo, mara msitu umekwisha. Vichaka vifupi, upepo, anga yote. Karibu hapo kuna bwawa la mwaka 1904, Hely-Hutchinson, lenye mchanga mweupe kama pwani, na maji yake yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya mimea ya mlimani. Tulikula mikate na mayai pale.

Halafu tukafika ukingoni, juu ya Nursery Ravine, tukaiona bahari. Ghuba ya False Bay yote ilikuwa chini yetu, na ng'ambo yake milima ya bluu. Mtu wa Uvira akasema, "Hii ni Tanganyika!" Kweli, ukisimama Uvira unaiona milima ya Burundi hivyo hivyo. Ila hapa ukigeuza macho kulia, milima inakatika na maji yanaendelea tu. Tulikaa nusu saa. Chini tulihesabu mitaa yetu, barabara za teksi, na ndege zikitua. Mji unaotuchosha kila siku ulikuwa mdogo, mtu angeweza kuufunika kwa kiganja.

Kushuka kuliumiza magoti, hatuna zaidi la kusema juu yake. Saa kumi jioni tulikuwa bustanini tena.

Kwa wafanyakazi wa mashirika, tunaomba moja. Mkipanga kuwapeleka vijana matembezi, msianze na basi na fulana. Anzeni kwa kuuliza nani ana habari na msitu, mwambieni njia yote, mwonyesheni pa kurudi, na mumwachie achague kama atatembea mbele au nyuma.

Mwezi ujao tunakwenda na mama zetu, kwa njia ya chini isiyo na ngazi. Yule aliyeuliza malipo ameshajiandikisha, na ametaka kujua kama mayai yatakuwepo.