Siku Tatu Saint-Tropez

Bandari ni mlango wa mji, na mlango una kazi mbili: kuingiza na kutoa. Atakaye kujua hali ya mji wa pwani na asimame gatini, atazame kinachoingia na kinachotoka. Tangu ujana wangu nilizisikia sifa za Saint-Tropez, mji mdogo wa Ufaransa katika pwani ya Bahari ya Mediteranea, ambao jina lake limekuwa kama neno jingine la utajiri. Nilitamani kuuona mlango wake. Mwezi wa Mei nilipata nafasi, nikakaa huko siku tatu.

Mji huu hauna reli. Msafiri hushuka gari moshi Saint-Raphaël, kisha ana hiari ya njia mbili. Ya kwanza ni barabara, ambayo wakati wa kiangazi hujaa magari yakatambaa mwendo wa kobe. Ya pili ni mashua, ambayo huvuka kwa muda wa saa moja hivi. Mimi ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani hachagui vumbi palipo na maji. Nilipanda mashua. Tulipoingia ghubani niliona kwanza ngome juu ya kilima, kisha mnara wa kanisa wenye rangi ya manjano na ya udongo, kisha safu ya nyumba nyembamba zilizosimama bega kwa bega ukingoni mwa maji. Kuta zake zina rangi za waridi, chungwa na manjano iliyofifia, na mapaa yake ni ya vigae. Hakuna jumba hata moja refu la kujigamba. Uzuri wote ule ni wa nyumba za watu wa kawaida.

Makuu yamo majini. Merikebu za matajiri zimefungwa gatini kwa shetri, moja baada ya moja, nyeupe kama maziwa, na baadhi yake ni ndefu kuliko nyumba zilizo mbele yake. Nyuma ya kila moja limeandikwa jina la bandari ilikoandikishwa. Nilisoma George Town, nikasoma Valletta, miji iliyo mbali na pale. Mabaharia waliovaa nguo safi walikuwa wakisugua vyuma vilivyokwisha kung'aa. Jioni wenye merikebu hula chakula juu ya sitaha, na hatua chache mbele yao wageni huketi katika mikahawa wakiwatazama wakila. Nami niliketi. Nilikunywa kikombe kimoja cha kahawa kwa bei ambayo kwetu ingemtosha mtu chakula cha mchana, na ilinipambanukia kwamba sikulipia kahawa, nililipia kiti.

Ajabu ni kwamba bandari hii haikukusudiwa starehe. Imeelekea kaskazini, tofauti na miji mingi ya pwani ile, ambayo imelielekea jua la kusini. Upepo mkali uitwao Mistral huipiga sana. Sisi tunaozijua kaskazi na kusi twaelewa kwamba mtu hachagui mahali pa namna hiyo kwa anasa. Huchagua kwa haja.

Wenyeji husimulia kwamba jina la mji limetokana na Torpes, askari wa Kirumi aliyekatwa kichwa huko Pisa, zama za Mfalme Nero, kwa sababu ya dini yake. Mwili wake, wasema, ulitiwa katika mashua pamoja na mbwa na jogoo, ukachukuliwa na maji mpaka pwani hii. Hayo ni masimulizi. Habari za historia ni kwamba mji uliharibiwa na vita ukabaki mahame, na mwaka 1470 familia 60 kutoka upande wa Genoa zililetwa kuujenga upya. Walipewa ardhi na kusamehewa kodi kwa sharti moja: waulinde wao wenyewe. Wakawa wavuvi, mabaharia na askari kwa pamoja. Tarehe 15 Juni 1637 walizifukuza merikebu za Wahispania zilizokuja kuwashambulia. Gatini pana sanamu ya Suffren, amiri wa karne ya kumi na nane, aliyepigana na Waingereza katika Bahari yetu ya Hindi miaka ya 1782 na 1783. Nilipoisoma habari yake nilikumbuka kwamba bahari ni moja, ila majina ndiyo mengi.

Karne kwa karne watu hawa waliishi kwa nyavu, kwa kuunda vyombo na kwa safari za biashara. Hawakuwa matajiri, wala hawakujua kwamba mji wao ni mzuri kupita mingine. Aliyewaambia hivyo alikuwa mgeni. Mwaka 1892 Paul Signac, mchoraji wa Paris aliyependa tanga, alifika kwa chombo chake, akanunua nyumba, akawaalika wenzake. Henri Matisse alikuja mwaka 1904. Waliichora mitanga, maji na kuta zile kwa rangi kali ambazo macho ya watu hayakuwa yamezoea. Baadhi ya picha hizo zimo leo katika kanisa dogo la karne ya kumi na sita lililo kando ya bandari, ambalo limegeuzwa makumbusho. Niliingia humo asubuhi ya siku ya pili. Nilitazama picha, nikatoka nje, nikautazama mji, na sikuweza kusema ni kipi kilichokuwa kivuli cha kingine.

Lakini mji huo nilioutazama ulikuwa umekufa ukafufuka. Mwezi wa Agosti 1944 Wajerumani waliilipua bandari pamoja na nyumba zilizoikabili. Tarehe 15 ya mwezi huo majeshi ya Marekani na wenzao yalishuka pwani hiyo. Askari wa miamvuli wa Marekani walioangushwa karibu na mji kwa makosa waliungana na wapiganaji wa siri wa hapo, na mji ukakombolewa. Kuanzia siku ya pili yake lilianza kushuka jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali de Lattre de Tassigny. Inafaa kijana wa Kiafrika ajue kwamba askari wengi wa jeshi hilo walitoka Afrika Kaskazini na Afrika Magharibi. Damu yao imo katika udongo wa pwani ile ya starehe, ingawa anayeota jua mchangani si rahisi kuikumbuka. Vita vilipokwisha, wenyeji wangaliweza kujenga majumba ya kisasa. Waliamua kuijenga bandari kama ilivyokuwa. Kwa hiyo zile kuta alizozichora Signac zipo kwa sababu watu waliotoka katika vita, wenye dhiki, walikataa kuziacha zipotee.

Kisha sinema ilikuja. Mwaka 1956 filamu moja aliyocheza Brigitte Bardot ilipigwa pale, na jina la mji likaenea duniani. Wenye fedha walikuja kuona, wakapenda, wakanunua. Katika hesabu za watu za miaka ya 1980 mji ulikuwa na wakazi zaidi ya 5,000. Leo hawafiki 4,000, ilhali wakati wa kiangazi wageni huja kwa makumi ya maelfu. Mwanamke mmoja aliyeniuzia mkate aliniambia kwamba yeye hulala Cogolin, huja alfajiri na kurudi jioni, kama wafanyavyo wenzake wengi. Mitaa ya La Ponche, iliyokuwa ya wavuvi, ni mizuri na kimya. Nilipita humo usiku, na madirisha mengi hayakuwa na taa.

Katika hali hiyo nilijaliwa kuishuhudia Bravade. Hii ni sikukuu ya mji, nayo huangukia tarehe 16 hadi 18 Mei kila mwaka. Wenyeji humbeba mtakatifu wao, sanamu ya kifua na kichwa, wakapita naye mitaani kwa kukumbuka kiapo cha wazee wao cha kuulinda mji. Wanaume zaidi ya mia, waliovaa sare za askari na mabaharia wa zamani, hufuata ngoma na filimbi na kufyatua magobori kuelekea chini. Nahodha wao huchaguliwa na baraza la mji Jumatatu ya Pasaka, na heshima hiyo haipatikani kwa fedha. Moshi wa baruti uliijaza bandari hata zile merikebu nyeupe hazikuonekana. Bendera nyekundu na nyeupe zilipepea madirishani. Watoto waliziba masikio huku wakicheka. Nilisikia watu wakiitana kwa majina kutoka upande mmoja wa njia hadi wa pili, jambo ambalo sikulisikia siku ya kwanza.

Mchana wa siku ya mwisho nilikaa chini ya miti mikubwa ya uwanja wa Place des Lices, ambapo wazee hucheza mchezo wa kurusha tufe za chuma. Mzee mmoja, ambaye bado alikuwa na sare ya baharia na masizi ya baruti mikononi, aliketi karibu nami. Nilimwuliza kwa Kifaransa changu cha shuleni kama anakaa karibu.

"Nimezaliwa La Ponche, bwana," alinijibu, "lakini sikai hapa. Naja kwa siku tatu hizi."

"Nyumba yenu ilichukuliwa?" nilimwuliza.

"Hapana. Hakuna aliyetudhulumu. Baba yetu alipokufa tulibaki ndugu wanne, na kila mmoja alikuwa na fungu lake katika nyumba. Bei ilikuwa imepanda hata hapana kati yetu aliyeweza kuwalipa wenzake. Tukauza. Tulipata fedha nzuri." Alinyamaza kidogo, akafuta mikono yake. "Mwenye kununua huja wiki mbili kwa mwaka. Si mtu mbaya. Hunisalimu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko kila nilichokiona. Nilikuwa nimetafuta mwizi, na mwizi hakuwapo. Palikuwa na mchoraji aliyependa, tajiri aliyelipa, na ndugu wanne waliotaka haki sawa. Kila mmoja alitenda jambo lisilo na lawama, na mwisho wa matendo yao ni dirisha lisilo na taa.

Jambo hili si la Wafaransa peke yao. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na huko Shela nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya. Wengi wao wamezitengeneza vizuri, na mafundi wa chokaa na wa milango wamepata kazi. Hilo ni la kushukuru. Lakini kwetu pia mirathi hugawanywa, ndugu huwa wengi, na bei hupanda. Maulidi yanapofika Lamu, watu hurudi kutoka kila upande kama wanavyorudi wale wa Bravade. Furaha ya kurudi ni kubwa. Bali mtu hurudi mahali ambapo bado pana wa kumpokea.

Vijana mnaosoma, wengi wenu mtarithi kitu: chumba, shamba, mnazi mmoja au mashua ya babu. Siku ya kugawana itakuja, na mnunuzi atakuwa mlangoni, mwenye adabu na fedha mkononi. Simwambii mtu asiuze, kwa maana haja haina mwalimu. Nasema tu kwamba bei hutajwa na mnunuzi kwa siku moja, lakini yaliyomo ndani ya nyumba ya wazee yalikusanywa kwa miaka mingi na watu wasioweza tena kusema neno. Ndugu na wakae pamoja mapema, kabla ya msiba, wakati wazee wangali hai, waulizane ni nani atakayeiwasha taa ile na wengine watamsaidiaje. Wale wanne wa La Ponche walikuja kuulizana baada ya bei kupanda, na wakati huo jibu lilikuwa moja tu.