Brikicho na friza ya mzee

Katika bloku yetu hapa Kakuma, mchezo unaanza jua likishapoa, kama saa kumi na moja hivi. Mmoja anaegemea mwarobaini, anafunika macho na mikono, anaita, "Brikicho!" Wenzake wanajibu kutoka mbali, "Bado!" Anaita tena, na sauti zinazojibu zinapungua, mpaka hakuna anayejibu. Hapo ndipo anaanza kutafuta. Watoto wa Kongo wakifika wapya wanauita kashkash, wa Sudan Kusini nao wana jina lao, lakini baada ya wiki moja wote ni brikicho tu.

Mimi nafanya kazi ya insentivu na watoto na vijana. Watoto wananiita ticha, ingawa sijawahi kufundisha darasani. Nilimaliza fomu foo nikaishia hapo. Nina fulana, rejista, filimbi na mipira miwili, mmoja umepasuka. Mengine yote tunajitengenezea. Tuna magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya soda. Tulikuwa na mpira wa kufunga kwa mifuko ya plastiki, mpaka Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo mwezi wa Agosti 2017. Sasa tunaufunga kwa nguo kuukuu na nyuzi za magunia, na haudundi kama ule wa zamani. Lakini brikicho haihitaji kitu chochote. Ndiyo maana naipenda. Hakuna mtu anayeweza kuniambia bajeti imekwisha.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, tulikuwa na watoto kama ishirini. Kati yao alikuwepo mvulana mmoja wa miaka saba, mdogo wa mwili na hodari wa kujificha kuliko wote. Giza lilipokaribia nikapiga filimbi. Filimbi ikilia, mchezo umekwisha, kila mtu atoke. Walitoka wote isipokuwa yeye. Nikapiga tena. Wenzake wakacheka, wakasema huyo ameshaenda kwao kula. Nami nilitaka iwe hivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na rejista ilikuwa haijajazwa. Dada yake ndiye aliyekataa. Alizunguka nyuma ya duka la mzee mmoja wa bloku yetu, akarudi ameshika ndara moja ya buluu.

Nyuma ya duka lile kuna friza, ile ya kulala, ya kufunguliwa kwa juu. Ilikufa zamani, na mzee akaigeuza stoo ya unga. Ili wezi wasimsumbue alimwita fundi wa kuchomelea, akaipachika komeo la chuma. Siku hiyo unga ulikuwa umeisha, kwa hiyo kufuli haikuwekwa. Mtoto alivua ndara apande vizuri, akaingia, akavuta mfuniko. Mfuniko ulipoanguka, ulimi wa komeo ukanasa kwenye pete yake.

Tulipofungua alikuwa amekunja magoti, uso mweupe kwa unga, nguo zimelowa jasho kama mtu aliyetoka mtoni. Macho yalikuwa wazi. Hakulia. Hakusema neno. Mpira wa ukingo wa friza ulikuwa umetafunwa na panya upande mmoja, na naamini hewa iliyompa uhai ilipita hapo. Mzee alikuwa amelalamika juu ya panya hao mwaka mzima.

Baada ya siku tatu nilimkuta amekaa kwao mlangoni. Nikamuuliza, "Kwa nini hukutuita?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. "Ticha, si ningeita wangenipata?"

Jioni ile ile ya tukio kulikuwa na mkutano wa bloku. Kina mama walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Mwenyekiti akasema brikicho ipigwe marufuku. Niliunga mkono kabla hajamaliza kusema. Niseme ukweli: sikuunga mkono kwa ajili ya watoto. Niliunga mkono kwa sababu nilikuwa naogopa, na kama kosa lilikuwa la mchezo, basi halikuwa langu.

Usingizi haukuja. Nilikuwa na bando kidogo kwenye simu, nikaanza kutafuta kama jambo hili limewahi kutokea mahali pengine. Nilidhani ni shida yetu, shida ya watu wanaoishi na vitu vilivyokufa. Kumbe Wamarekani walipitia njia hii kabla ya wazazi wangu kuzaliwa.

Friji za zamani kule zilikuwa na kitasa cha nje kilichojifunga chenyewe mlango ukigongwa. Kwa ndani hapakuwa na cha kushika. Friji ikifa inawekwa nyuma ya nyumba au inatupwa jalalani, na watoto wanaocheza kujificha wanaingia humo. Kuta zake ni nene, kwa hiyo sauti haitoki, na hewa haiingii. Watoto wengi walikufa namna hiyo. Wazazi walikanywa na watoto wakakanywa. Majimbo mengi yaliweka sheria kwamba anayetupa friji aondoe mlango kwanza. Bado watoto waliendelea kufa, kwa sababu mtoto anayetafuta mahali pa kujificha hakumbuki tangazo.

Mwaka 1956 bunge la Marekani likapitisha sheria fupi sana. Haikusema neno lolote juu ya mchezo wa kujificha. Ilisema kwamba friji ya nyumbani inayouzwa kutoka jimbo moja hadi jingine lazima iweze kufunguliwa kwa ndani. Ilianza kuzibana friji zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa Oktoba 1958. Viwanda vilikuwa vimelalamika kwamba ni kazi ngumu, lakini jibu lilikuwa jepesi: waliondoa kitasa, wakaweka sumaku ndani ya ule mpira wa ukingo. Sumaku inashika mlango vya kutosha kutunza baridi, na mtoto akisukuma inaachia. Leo karibu kila friji duniani inafungwa hivyo. Hata friji ya soda unayoona dukani sokoni, ukiivuta unasikia ule mpira unavyobanduka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kuna jambo moja lililoniamsha kabisa. Ili wajue mtoto ana nguvu kiasi gani na atafanya nini akifungiwa, watafiti walitengeneza kisanduku cha majaribio mfano wa friji, wakawaingiza watoto 201 wa miaka miwili hadi mitano, mmoja mmoja, huku wakiwaangalia. Matokeo yalichapishwa 1958. Robo tatu walikuwa nje kabla ya dakika tatu, wengine kwa kujitoa, wengine kwa kutolewa. Wengine walisukuma. Wengine waliopewa cha kushika walikizungusha kama kitasa cha mlango wa nyumbani. Karibu robo hawakufanya juhudi yoyote ya maana, walikaa tu. Na kati ya wale wa miaka mitano, nusu hawakupiga kelele hata kidogo.

Nilisoma mstari huo mara nyingi. Sisi tulikuwa tumekaa mkutanoni tukiulizana, mbona hakulia? Kana kwamba kulia ndiyo mlango. Mtoto mdogo anaweza kulia. Mtoto aliyekua kidogo anajua kunyamaza. Na sisi wenyewe ndio tunaomfundisha. Mkiwa mnakimbia usiku, mama anamwambia mtoto nini? Nyamaza. Wasomaji wa karatasi hii wengi mliambiwa hivyo, na wengi mliwaambia wengine. Halafu tunamtarajia apige kelele akiwa gizani.

Sasa rudini kwenye friza ya mzee. Ilitengenezwa bila kitasa cha kunasa. Ukisukuma mfuniko kwa ndani unainuka. Ile kazi yote ya sheria, sumaku na majaribio ilikuwa imo ndani yake ilipofika kambini. Ni sisi tuliopachika komeo. Fundi alimaliza kazi ile kabla chai haijapoa, na friza ikarudi mwaka 1955.

Sisemi kwamba kila mchezo una haki ya kubaki. Wamarekani hao hao walikuwa na mchezo wa mishale mizito yenye ncha ya chuma, unairusha juu iangukie ndani ya duara kwenye nyasi. Mwaka 1970 serikali ilisema iuzwe kwa watu wazima tu, iwe na onyo, isiwekwe kwenye maduka ya watoto. Mwaka 1987 mshale mmoja ulimuua msichana wa miaka saba huko California, akiwa uani kwao. Baba yake alikuwa amenunua seti ya michezo, na mishale ilikuwa mojawapo. Alienda kupiga kelele mji mkuu mpaka Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, iliyoundwa kwa sheria ya 1972, ikapiga mishale hiyo marufuku kabisa Desemba 1988. Hapo onyo halikutosha, na hapakuwa na cha kurekebisha. Hatari ilikuwa ni mshale wenyewe, na bila ncha ya chuma hapakuwa na mchezo.

Basi swali ambalo tungepaswa kuulizana jioni ile, badala ya kupiga kura, ni hili: hatari iko kwenye mchezo au kwenye kitu? Ukiondoa mishale, mchezo wa mishale umekwisha. Ukiondoa komeo, brikicho inabaki ilivyo. Na ukiondoa brikicho ukaacha komeo, mtoto ataingia humo siku nyingine akimkimbia kaka yake, au akijificha mama asimtume maji.

Nilirudi kwa mwenyekiti nikamwambia nilikosea. Akasema, "Kijana wangu, wewe si ndiye uliyenyoosha mkono wa kwanza?" Nikakubali. Akaitisha mkutano wa pili.

Mzee mwenye duka alikuja amejiandaa kugombana. Alisema, "Komeo nimeliweka kwa sababu ya wezi. Unga wangu ukiibiwa nani atanilisha? Nyinyi?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu alikuwa na hoja. Tungemwambia tu aondoe komeo, angekubali mbele ya watu na kulirudisha baada ya wiki. Bibi mmoja aliyekaa nyuma ndiye aliyetuokoa. Akauliza, "Baba, mtoto aliingia wakati kuna unga au wakati hakuna?" Wakati hakuna. Wakati kuna unga, kuna kufuli, na hakuna anayeweza kuingia. Tukakubaliana maneno mawili ambayo hata mtoto anaweza kuyashika: kikiwa na mali, kufuli, kikiwa kitupu, hakina mfuniko.

Tukazunguka bloku na vijana sita, spana mbili na bisibisi moja ya kuazima. Mtu akikubali, tunafungua bawaba, mfuniko unaegemezwa ukutani mpaka mali irudi. Tulikuta friji na friza zilizokufa, masanduku ya bati ya nguo, na pipa moja la plastiki la mfuniko wa kuzungusha ambalo mtoto mkubwa angeenea. Wengi walitukubalia. Wawili walitufukuza. Mama mmoja alituambia sanduku lake alikuja nalo kutoka nyumbani na hakuna atakayeligusa. Alilifungua mwenyewe, akatoa komeo kwa kisu mbele yetu, akatukabidhi kile kipande cha chuma.

Halafu nikaandika ripoti, kama inavyotakiwa. Fomu ilikuwa na visanduku vya ugomvi, moto, maji, ugonjwa, unyanyasaji. Cha kitu cha nyumbani kinachoua mtoto kwa kuwepo tu, hapana. Niliweka tiki kwenye "mengineyo". Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, najua mnapokea fomu nyingi. Naomba kisanduku kimoja zaidi.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya nchi zenye pesa, sisi tunanunua kinachopatikana. Tarehe 15 Machi 1962, Rais Kennedy alilitajia bunge la Marekani haki nne za mtumiaji wa bidhaa, ya kwanza ikiwa usalama, na mpaka leo tarehe hiyo ni siku ya haki za watumiaji duniani. Lakini hatuhitaji kwenda mbali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kulindwa afya yake na usalama wake. Kinamtaja mtumiaji. Sisi hapa hatupigi kura, lakini kutumia, tunatumia. Tunanunua soda, viberiti, betri, na friza za mkono wa tatu.

Brikicho imerudi. Kabla ya kuanza nazunguka kwanza mwenyewe, nikifungua kila kinachofunguka, na watoto wanalalamika kwamba ticha anawachelewesha. Tumeongeza kanuni moja: filimbi ikilia mara tatu, aliyejificha apige kelele, na atakayepiga kelele ya kwanza ndiye mshindi. Wanaipenda kuliko nilivyotegemea.

Kuna friji moja bado inanisumbua. Iko nyuma ya uzio wa ofisi ambayo sitaitaja, imesimama, ina mlango, na mtu ameizungushia waya. Nimeomba mara mbili. Nimeambiwa ni mali, inasubiri karatasi.

Yule mvulana anacheza kama zamani, ila siku hizi hataki kujificha. Anaomba yeye ndiye asimame kwenye mwarobaini aite. Na akiita, hafuniki macho vizuri. Wenzake wanamlalamikia anachungulia. Mimi namwacha achungulie.