Waliopanda Ukuta wa Chuma

Muhula uliopita chama chetu cha mijadala kilipewa neno hili la kujadili: "Mtu avunjaye amri ili kuzuia madhara makubwa hastahili adhabu." Mimi niliwekwa upande wa kupinga, nikasema niliyoweza, na upande wetu ukashinda kwa kura nne. Walakini mfano mmoja uliotajwa na upande wa pili haukunitoka kichwani. Ni habari ya watu thelathini waliofungwa katika nchi ya Urusi mwaka 2013 kwa ajili ya mtambo wa mafuta ulio baharini, kaskazini kabisa ya dunia. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kupata juu yao. Sasa naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niwaelezeni wenzangu, pamoja nanyi mliotutangulia, maana jambo hili li karibu nasi kuliko linavyoonekana.

Kwanza tujue mahali penyewe. Kaskazini ya Urusi iko bahari iitwayo Pechora, nayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hufunikwa na barafu. Huko, kama kilometa 60 kutoka pwani, kumesimamishwa mtambo mkubwa uitwao Prirazlomnaya, mali ya kampuni ya Gazprom. Maji ya mahali pale hayana kina kirefu, yapata mita 20 tu, na mtambo wenyewe umekalia chini ya bahari kama ngome, umezungukwa na ukuta wa chuma ili barafu isiusukume. Waliojenga si wajinga. Walifikiri sana juu ya barafu.

Basi kwa nini watu waliogopa? Mafuta yakimwagika katika bahari ya joto, jua na mawimbi na viini vidogo vya majini husaidia kuyapunguza. Katika baridi kali kazi hiyo huenda polepole mno. Tena mafuta huingia chini ya barafu yasionekane, na wakati wa baridi kuna giza kwa majuma mengi. Mwaka 2010, katika Ghuba ya Mexico, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, watu 11 wakafa, na mafuta yakabubujika siku 87 kabla ya kuzibwa. Hayo yalitokea mahali penye joto, penye bandari na meli tele. Na huko Alaska, meli ya Exxon Valdez ilipasuka mwaka 1989, na miaka mingi baadaye watu waliochimba mchanga wa pwani ile waliyakuta mafuta yangali chini. Mtu akiyajua haya huuliza: kisima kikipasuka chini ya barafu mwezi wa Novemba, nani atakiziba, naye atafikaje?

Iko na sababu ya pili. Mafuta yakichomwa, moshi wake huongeza joto la dunia. Joto hilo huyeyusha barafu ya kaskazini, na barafu ikipungua njia hufunguka ya kuchimba mafuta mengine zaidi. Tangu mwaka 1979 picha za setilaiti zaonyesha kwamba barafu ya bahari ile, ipimwapo mwezi wa Septemba, imepungua sana. Sisi wa upande huu wa Uganda hatuhitaji setilaiti. Milima ya Ruwenzori twaiona kwa macho siku mawingu yakiondoka. Mtawala wa Abruzzi, Mwitalia, aliipanda mwaka 1906 na watu wake wakaipima barafu yake. Sehemu kubwa ya barafu hiyo leo haipo tena. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba barafu si habari ya Waafrika.

Sasa tuje kwenye mambo yaliyotendeka. Tarehe 18 Septemba 2013, mashua za mpira zilitoka katika meli ya Arctic Sunrise ya chama cha Greenpeace, zikakaribia mtambo ule. Watu wawili, mmoja mwanamke wa Finland na mmoja mwanamume wa Uswisi, wakaanza kupanda ukuta kwa kamba. Wakamwagiwa maji ya baridi kwa mipira ya nguvu, risasi za kuonya zikapigwa majini, nao wakakamatwa. Kesho yake askari wenye silaha walishuka juu ya meli kutoka helikopta, wakaikamata na watu wote waliobaki ndani, ikavutwa mpaka bandari ya Murmansk. Jumla yao ilikuwa 30, na wawili kati yao walikuwa waandishi wa habari tu, mpiga picha za gazeti na mpiga picha za sinema. Kapteni, Peter Willcox wa Marekani, alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuona mengi: ndiye aliyekuwa kapteni wa Rainbow Warrior mwaka 1985, wakati majasusi wa Ufaransa walipoizamisha kwa mabomu katika bandari ya Auckland na mpiga picha mmoja akafa. Lakini alikuwapo pia msichana wa Argentina mwenye umri wa miaka 21. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama kidogo, maana ni miaka miwili tu kupita umri wangu.

Walishtakiwa uharamia, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Hata Rais Putin mwenyewe alisema hadharani kwamba ni wazi hao si maharamia, ingawa alisema wamevunja sheria. Mwezi wa Oktoba shtaka likageuzwa kuwa uhuni, ambalo adhabu yake yaweza kufika miaka saba. Walikaa gerezani miezi miwili, na mwishoni mwa Novemba wakaanza kutolewa kwa dhamana. Mwezi wa Desemba Bunge la Urusi likapitisha msamaha, nao wakarudi kwao. Lakini sikilizeni: katika mwezi ule ule wa Desemba 2013, mtambo wa Prirazlomnaya ulianza kutoa mafuta yake ya kwanza. Kwa hiyo, ukihesabu kwa mapipa, watu wale hawakuzuia hata moja.

Tena asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu peke yao. Mkuu wa Greenpeace duniani wakati ule alikuwa Mwafrika, Kumi Naidoo, mzaliwa wa Durban. Alipokuwa kijana wa miaka 15 alifukuzwa shule kwa kuwaongoza wanafunzi wenzake kupinga ubaguzi wa rangi. Mwezi wa Juni 2011 alipanda mtambo wa Leiv Eiriksson karibu na Greenland, akakamatwa na kuwekwa kizuizini siku chache. Alikwenda kudai nini? Alidai kuona karatasi: mpango wa kampuni wa kuyazuia mafuta yakimwagika, uliokuwa umefichwa. Baadaye mwaka ule ule mpango huo ulitolewa hadharani. Mwaka 2012 alipanda hata Prirazlomnaya yenyewe pamoja na wengine watano, na safari hiyo hawakukamatwa.

Basi, ndugu wasomaji, walifanya vyema au vibaya?

Naanza na neno la kaka yangu mkubwa, maana yeye ndiye aliyenipinga kwa nguvu zaidi. Ni dereva wa lori huko Bunyoro, karibu na Ziwa Albert, ambako ilijulikana mwaka 2006 kwamba mafuta yako ya kutosha kuchimbwa. Hubeba kifusi cha barabara ziendazo kwenye visima. Tangu baba alipofariki yeye ndiye alipaye karo yangu na ya dada zetu wawili. Nilipomsimulia habari hizi wakati wa likizo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, hao wamekwisha kula wakashiba. Kwao kuna umeme, barabara na hospitali, na vyote vilijengwa kwa mafuta na makaa. Sasa sisi tukitaka kuonja, wanasema chakula kina sumu. Na wewe, hiyo karo yako waijua itokako?"

Sikuwa na jibu la upesi. Neno lake lina kweli, na mtu alipiwaye karo kwa kazi ile hana haki ya kulicheka. Zaidi ya hayo, ameniambia kwamba nikimaliza mtihani ataniombea nafasi ya karani huko kambini, naye angoja jibu langu kabla ya mwisho wa mwaka. Nyumbani wananitazamia nikubali. Katika nchi yetu wako pia vijana waliochagua njia nyingine: mwaka 2022 wanafunzi kadhaa wa chuo kikuu walikamatwa Kampala walipoandamana juu ya bomba la kilometa 1,443, lililopangwa kupeleka mafuta kutoka Hoima hadi karibu na Tanga. Hao nao wana wazazi, na wana karo iliyolipwa na mtu.

Nimelipima jambo hili kwa maswali manne, wala sidai kwamba mizani yangu ndiyo ya haki kuliko zote.

Swali la kwanza: je, walijaribu kusema kabla ya kupanda? Naona walijaribu. Watu wengi sana walikwisha kutia sahihi zao kuomba bahari ile iachwe, na barua ziliandikwa. Mtu anayebisha hodi mara nyingi asiitikiwe si sawa na mtu anayevunja mlango bila kubisha.

Swali la pili: je, walimwumiza nani? Hawakuwa na silaha, wala hawakumpiga mtu. Walakini kupanda mtambo katika bahari ya baridi ni hatari, na anayeanguka humtia hatarini pia yule atakayemwokoa. Hili siwezi kulifuta.

Swali la tatu: je, waliificha kazi yao? La. Walikwenda kwa meli yenye jina na bendera, na walipofungwa hawakukana waliyoyafanya. Hapa ndipo nilipoanza kutofautisha kati yao na mhalifu wa kawaida, maana mwizi hutaka asionekane, na hawa walitaka waonekane. Na kuhusu sheria yenyewe, mambo yaligeuka kwa ajabu. Meli ilikuwa na bendera ya Uholanzi, na Uholanzi iliishtaki Urusi. Mwezi wa Agosti 2015 waamuzi wa kimataifa waliamua kwamba Urusi ilivunja sheria ya bahari kwa kuipanda meli ile na kuwakamata watu bila idhini ya Uholanzi. Hawakusema kwamba kupanda mtambo ni halali. Ila walituonyesha kwamba mwenye nguvu naye aweza kuwa mvunja sheria. Hili halikutajwa na yeyote katika mjadala wetu, nami nalitaja hapa ili haki itendeke kwa upande wa pili.

Swali la nne ndilo gumu: je, wenyeji waliulizwa? Katika nchi za barafu wanaishi watu: Wanenet wa Urusi wafugao paa wa kaskazini, na Wainuit wa Greenland na Kanada wawindao sili. Zamani Greenpeace ilipiga kelele sana juu ya kuuawa kwa sili, hata biashara ya ngozi ikaanguka na wawindaji wa Kiinuit wakapata taabu. Mwaka 2014 tawi lao la Kanada liliomba radhi kwa hilo. Kwa hiyo kaka yangu si wa kwanza kulalamika kwamba watu wa mbali huja kuokoa mahali wakasahau wakaao pale. Lakini swali hilo lakata pande zote mbili, maana kampuni nazo zaweza kuja na mipango iliyokwisha kuandikwa, wenyeji wakaitiwa sahihi tu.

Hivyo nimefikia hapa. Mimi si mtu wa kupanda ukuta wa chuma, na sidhani kila jambo laponywa kwa kamba na mashua. Lakini siwaiti tena wahuni. Kilichonifundisha zaidi si kule kupanda, bali ni lile swali la mwaka 2011: "Tuonyesheni mpango wenu mafuta yakimwagika." Swali hilo halihitaji meli. Mvuvi wa Ziwa Albert aweza kuliuliza. Dereva wa lori aweza kuliuliza. Hata karani aweza, kama ana ujasiri wa kuuliza mbele ya mtu amlipaye mshahara, na naona ujasiri huo waweza kuwa mgumu kuliko wa kupanda ukuta, kwa sababu hakuna mpiga picha karibu.

Nimemwandikia kaka yangu kwamba nitaipokea nafasi ile ikipatikana, ila aniulizie kwanza jambo moja kambini: mpango wa kulilinda ziwa umeandikwa kwa lugha gani, na mwanakijiji aweza kuusoma wapi? Jibu lake halijafika.

Ninyi mliosoma shule hii, ambao sasa mwafanya kazi katika visima, katika ofisi za wilaya, au katika uvuvi wa ziwa lile, nawasihi mtuandikieni katika gazeti hili. Msituandikie mazuri tu wala mabaya tu. Tuelezeni mliyoyaona kwa macho yenu, mliyouliza, na mliyojibiwa. Sisi tunaomaliza mwaka huu tutakuja huko baada yenu, na itatufaa kujua tunaingia wapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita