Mto Rau Chini ya Mabogini: Riziki Iliyofichwa na Matete

Msafiri atokaye Moshi mjini kwa barabara ya TPC huuacha mlima mgongoni mwake, na kabla hajachoka kukaa katika daladala huwa amekwishafika Mabogini. Hapa nchi hubadilika. Migomba na mibuni ya mteremkoni haipo tena; badala yake kuna uwanda mpana, jua kali, udongo mweusi unaonata miguuni, na majaruba ya mpunga yaliyogawanywa kwa mifereji. Wengi huijua Mabogini kwa mchele wake. Walio wachache huijua kwa samaki, na wachache zaidi wamewahi kushika ndoano katika kipande kile cha Mto Rau kinachopita katika vichaka na matete, mbali na njia za watu.

Tulikwenda huko Jumamosi moja ya mwezi Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Tulikuwa watu wazima watatu na vijana wawili wa madrasa. Wazazi wengi hutuuliza kama uvuvi wa mtoni unafaa kuwa matembezi ya familia. Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa kujua mto wenyewe na hukumu zake.

Tuanze na maji. Mvua na ukungu wa msituni juu ya Kilimanjaro huzama ardhini, kisha hufumka huku chini kama chemchemi. Ndiyo sababu Msitu wa Rau, ulio jirani na mji, hubaki wa kijani hata katika kiangazi, ukiwa na miti mikubwa ya msoo na mbega wanaoruka matawini: unakunywa maji ya chini ya ardhi. Maji ya Rau huteremka kusini kuelekea Kahe, na mwisho wa safari ni bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako Ruvu na Kikuletwa hukutana na Mto Pangani huanza safari ya kwenda Bahari ya Hindi. Tone linalopita Mabogini lina wenyewe wengi mbele yake.

Wenyewe wa kwanza ni wakulima. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulileta mifereji ya zege na mpunga wa muda mfupi wa aina ya IR54. Mavuno yalikuwa mazuri mno hata wakulima walio juu ya mto nao wakafungulia maji majaruba yao, na walio chini wakaanza kukosa. Ugomvi wa zamu za maji haujaisha mpaka leo. Basi mvuvi anayefika Oktoba hukuta mto uliopungua: sehemu nyingi ni kifundo cha mguu, na samaki wamejikusanya katika madimbwi machache yenye kina, chini ya mizizi ya miti.

Hayo madimbwi ndiyo magumu. Matete ni marefu kuliko mtu, ukingo unateleza, na mizizi hunasa kila ndoano itupwayo ovyo. Ufito mrefu haufai, maana hauna nafasi ya kuinuka. Tulitumia fito fupi, mshipi mwembamba, chubwi ndogo na kipande cha bua kuwa boya. Kwa perege tuliweka donge la ugali mgumu kiasi cha punje ya mahindi. Kwa kambale, nyungunyungu au utumbo wa kuku. Perege hula katikati ya maji na huvuta kwa haya. Kambale hula chini, huvuta kwa nguvu, na hukimbilia kwenye mizizi. Asiyemzuia mara moja atampoteza yeye na mshipi wake. Akishatolewa ashikwe kwa uangalifu nyuma ya kichwa, kwa kuwa miiba ya mapezi yake ya ubavuni huchoma.

Juu ya kambale kuna swali linalorudi kila mara majumbani: je, ni halali ilhali hana magamba? Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata, samaki wote ni halali, mwenye magamba na asiye nayo. Ndugu zetu Ithnaasheri ndio waliosharutisha magamba. Wala mtu asidhani kwamba ruhusa ni ya bahari ya chumvi peke yake. Katika Surat Fatir, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametaja maji mawili, matamu na ya chumvi, na akatukumbusha kuwa katika yote mawili tunakula nyama safi. Samaki hahitaji kuchinjwa. Hata hivyo, si adabu kumwacha akitapatapa juani kwa saa nzima, wala kumtesa kwa mchezo. Mtume (SAW) alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha.

Adhuhuri ilitukuta hapo hapo. Tulitawadha kwa maji yanayopita, tukatandika mkeka. Kibla cha Mabogini ni kaskazini, na kaskazini ndiko uliko mlima. Basi mwenye kuswali huko huelekea upande uleule yatokako maji aliyotawadhia. Vijana wetu waliliona hilo wenyewe, wakauliza ni nani mwingine aliyetawadha kwa maji haya juu yetu, na nani atakayeyatumia chini yetu. Hatukujua kuwa jibu lilikuwa njiani.

Baada ya swala alitokea katika matete kijana mmoja wa makamo ya miaka 25, amebeba mzigo wa majani begani. Alitusalimia kwa adabu, nasi tukaitikia. Mzee wetu aliyatazama yale majani akayatambua: utupa. Majani haya yakipondwa na kutiwa katika dimbwi, samaki wote, wakubwa kwa wadogo, hulewa na kuelea.

"Mwanangu," mzee alimwambia, "utupa huu unaupeleka wapi?"

"Hapa hapa, mzee wangu. Jaruba langu halikupata maji msimu huu. Nyumbani kuna watoto watatu na mama yao. Ninyi mnavua kwa burudani, mimi natafuta kitoweo."

Neno lile lilikuwa zito, na lilikuwa la kweli. Hatukuweza kumjibu kwa kumtajia sheria tu, ingawa sheria ipo: Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Mtu mwenye njaa haponi kwa kusomewa kifungu. Mzee alimkaribisha mkekani, akampa chai na mkate, kisha akaanza kumuuliza kama mtu anayetaka kujifunza. Dimbwi kama hili yako mangapi mpaka kivukoni? Mawili. Mvua zikija, samaki wa mto mzima watatoka wapi? Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Watatoka humu." Perege jike hulea mayai na vifaranga vyake kinywani, anayemuua kwa sumu Oktoba ameua na vilivyomo kinywani mwake. Na wanaoteka maji kule chini ni akina nani? "Ni mama zetu," akasema. Mzee akamkumbusha kuwa Mtume (SAW) amekataza kumdhuru mwenzio, na kwamba maji ni katika vitu ambavyo watu ni washirika.

Lakini mawaidha bila chakula ni nusu ya kazi. Tulimpa ufito na ndoano mbili. Yeye aliujua mto kuliko sisi: alitupeleka nyuma ya mti ulioanguka, mahali ambapo tusingethubutu kupita, na hadi Alasiri tulikuwa tumetoa kambale wanne na perege kumi na mmoja. Wadogo wawili tuliwarudisha wakiwa hai. Tulimwachia samaki wote isipokuwa kambale mmoja, pamoja na mshipi na ndoano. Hakutuahidi kitu, nasi hatukumtaka aahidi. Mzigo wa utupa alikwenda kuutupa juu kabisa ya ukingo, mbali na maji.

Kwa familia zitakazopenda kwenda, tuna nasaha chache. Watoto wasiingie majini, na kila mtu avae mabuti ya mpira: mifereji na madimbwi ya uwanda huu yana kichocho, na ugonjwa huo huingia kwa ngozi tu kugusa maji yenye vijidudu vyake. Atakayepata mkojo wenye damu aende hospitali mapema, dawa ipo. Jioni mbu ni wengi, basi ondokeni kabla ya Magharibi. Msiteremke kufuata mto hadi Kikuletwa au ukingoni mwa Nyumba ya Mungu bila mwenyeji, kwa sababu huko kuna mamba, na Qur'ani imetukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Ombeni ruhusa kwa wenye mashamba, wala msikanyage matuta ya majaruba. Tuta likibomoka, maji ya jirani yamekwenda.

Zaidi ya hayo, misikiti yetu ya Moshi mjini inakula mchele wa Mabogini katika kila maulidi na kila futari. Ni haki kuuliza waliolima wamepata maji au hawakupata. Jirani aliyekosa zamu ya maji leo ndiye atakayebeba utupa kesho, na hasara ya dimbwi lililokufa haitabaki kwake peke yake. Kamati za misikiti zikiweka fungu dogo kwa miezi ya kiangazi, likawafikia wenye majaruba makavu kabla hawajafika mtoni na mzigo wa majani, zitakuwa zimehifadhi watu na samaki kwa pamoja. Wabillahi tawfiq.