Vigingi vya Karura

Katika miaka ya 1990, akina mama wa kijiji chetu hawakuingia msitu wa Karura wakiwa chini ya watano. Walikutana alfajiri, wakahesabiana, wakaingia. Walipotoka na kuni mgongoni walihesabiana tena kabla ya kutawanyika. Sisi watoto wa ukingoni mwa msitu ule, kaskazini mwa Nairobi, tulikua tukijua kwamba humo mna majambazi na wapika chang'aa, na kwamba mara nyingine hutupwa maiti. Sikumjua mtu hata mmoja aliyeingia kwa matembezi.

Msitu ulikuwa wa umma tangu 1932, hekta zaidi ya 1,000. Lakini umma wenyewe ulikuwa umeuogopa, na mali iliyoachwa na mwenyewe haikosi wa kuimezea mate. Kufikia 1998 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wajenzi. Tarehe 8 Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mche, wakashambuliwa na vijana waliokodiwa. Alipasuliwa kichwa, na kwenye kituo cha polisi akatia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Mama aliposikia habari hiyo redioni aliacha kumenya viazi. "Anapigwa kwa ajili ya kuni zetu," akasema. Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki, na hofu nayo ikabaki.

Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango wa majirani kushirikiana na serikali katika kutunza misitu. Kundi la Marafiki wa Msitu wa Karura likaundwa, ua wa umeme ukazungushwa, vijana wa vijiji vya jirani wakafunzwa ulinzi. Nami nikapata kibarua cha kutengeneza njia. Wengi husifu ua, na una haki yake. Ila ua humzuia mwizi tu. Mtu mwema huletwa na njia anayoiamini.

Na njia ina elimu yake. Ukiichimba ikashuka mlima moja kwa moja, mvua za masika zitaifanya mfereji, na ule udongo mwekundu wote utaishia mtoni. Kwa hiyo tuliipindisha ifuate ubavu wa kilima, tukalaza magogo kimshazari ili maji yatokee pembeni kabla hayajapata nguvu. Penye tope tuliinua njia, maana mtembezi akikuta tope hupita kando, anayemfuata hupita kando zaidi, na mwaka haujaisha njia ya hatua mbili imekuwa uwanja. Njia za panya tuliziziba kwa matawi makavu, miche ya asili ikajiotea yenyewe chini yake. Waendesha baiskeli walihitaji njia zao, kwa kuwa mteremko mmoja hauwezi kuwatosha mwenye kasi na bibi aliyemshika mjukuu mkono. Kuna mabonde hatukuyagusa kabisa, tukawaachia paa na kima. Hadi leo naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya.

Kwenye njia panda vikasimamishwa vigingi vyenye nambari. Aliyepotea hupiga simu, akataja nambari, akafuatwa. Nilianza kuwaona wanawake wakikimbia peke yao asubuhi, jambo ambalo mama hakuliamini nilipomsimulia.

Nikampeleka. Langoni nilimlipia kiingilio, akanyamaza kwa muda mrefu, na kimya chake kiliniuma. Msitu uliomlisha bure sasa una bei. Najua fedha hizo hulipa walinzi, lakini sitamlaumu jirani anayehisi amefungiwa nje, na wapangaji wa misitu wasimsahau.

Tulitembea hadi maporomoko ya maji. Kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kuketi humo. Akaketi. Wakati wa kurudi alisimama kwenye kigingi kimoja, akauliza nambari ile ni ya nini. Nikamweleza.

"Sisi hapa tulipaita Penye Kutua," akasema. "Ndipo tuliposhusha mizigo, tukahesabiana."

Nikatoa kalamu. Tukaenda kigingi kwa kigingi, yeye akitaja jina, mimi nikiliandika mbele ya nambari yake.