Mpiga Dramu Ana Jina

Wageni wanaoingia sebuleni kwangu hutazama kwanza vitabu, kama inavyotarajiwa katika nyumba ya mwalimu wa chuo kikuu, kisha macho yao hushuka hadi rafu mbili za chini, penye makasha ya CD za jazi. Hapo huja swali ambalo nimekwisha kulizoea: "Dokta, haya yote si yapo kwenye simu?" Mwenzangu mmoja wa idara ya uchumi alikwenda mbali zaidi. Huku akinywa chai yangu, alikokotoa idadi ya vifurushi vya intaneti ambavyo vingenunuliwa kwa fedha inayoshika vumbi pale. Ni swali la haki, na kwa miaka mingi nimelijibu kwa mzaha. Leo nataka kulijibu kwa dhati, kwa sababu linagusa jambo pana kuliko starehe ya mtu mmoja: nani huandikwa kwamba alifanya kazi, na nani husahauliwa ilhali aliifanya.

Nilianza kukusanya nikiwa Uingereza kwa masomo ya uzamivu, miaka ambayo Waingereza walikuwa wakizitoa CD zao majumbani kana kwamba zina ndui. Katika maduka ya mitumba ya hisani, diski iliyowahi kuuzwa kwa bei ya kitabu kizuri ilipatikana kwa pauni moja. Mwanafunzi mwenye posho ndogo hakuhitaji kushawishiwa. Niliporudi nyumbani, begi langu lilikuwa na nguo chache kuliko ilivyostahili. Baadaye nikawa naagiza kwa posta, na yeyote aliyewahi kusimama dirishani kukomboa kifurushi chake anajua kwamba bei ya kitu ni mwanzo tu wa mazungumzo.

Kwa asiyezijua bidhaa hizi, nieleze kidogo. Kampuni ya muziki huchukua kanda zake za zamani, husafisha sauti, huongeza vipande ambavyo havikutolewa hapo awali, huvipanga vyote kwa tarehe, na kuvifunga ndani ya kasha pamoja na kijitabu. Kwangu kijitabu ndicho roho ya kasha. Humo mna siku ya kila kurekodi, studio, fundi wa sauti, mtunzi, na orodha ya wapigaji wote, ala kwa ala, mtu kwa mtu. Programu za simu kwa kawaida hukupa jina la kiongozi, jina la wimbo na picha ya jalada yenye ukubwa wa stempu. Sauti ni ile ile, ila waliotoa jasho wameondolewa.

Chukua kasha ninalolipenda kuliko yote, la Miles Davis katika klabu ya Plugged Nickel mjini Chicago. Bendi ilipiga vipindi saba kwa usiku mbili, tarehe 22 na 23 Desemba 1965, na Columbia ikarekodi. Vipande vichache vilitolewa kwenye santuri miaka mingi baadaye. Mkusanyiko mzima, CD nane, ulitoka Marekani mwaka 1995. Nyimbo zilezile zinarudi tena na tena, na asiye na subira atauliza kwa nini anunue wimbo mmoja mara nne. Lakini raha iko hapo hapo. Herbie Hancock, aliyekuwa kwenye piano, amesimulia kwamba Tony Williams, mpiga dramu, alitoa wazo kwamba mahali ambapo kila mmoja alitarajiwa kufanya jambo fulani, afanye kinyume chake. Wimbo ukifika kileleni, dramu zinanyamaza. Ukitulia, zinalipuka. Ukisikiliza usiku wote miwili kwa mfuatano, unasikia watu watano wakiivunja nyumba yao wenyewe na kuijenga upya kabla ya mapambazuko. Kisha unafungua kijitabu, unahesabu miaka, na kugundua kwamba aliyeanzisha uasi huo alikuwa ametimiza miaka 20 siku kumi tu kabla. Ni umri wa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, wale wanaoniomba niwape maswali yaliyokwisha kujibiwa.

Zipo pia kazi za ufundi ambazo msikilizaji wa kawaida hazioni. Santuri ya Kind of Blue, ambayo hata wasioipenda jazi huimiliki, ilitoka mwaka 1959 ikiwa na kasoro: mashine iliyorekodi nyimbo tatu za upande wa kwanza ilikuwa ikizunguka polepole kidogo, kwa hiyo zilipochezwa kwa kasi sahihi zilisikika juu kidogo ya sauti yake halisi. Vijana waliojifunza kwa kupiga sambamba na santuri ile walilazimika kurekebisha ala zao ili zilingane na kosa. Ilipofika mwaka 1992, matayarisho ya toleo jipya yalitumia kanda ya akiba, iliyorekodiwa na mashine ya pili yenye kasi sahihi, na muziki ukashuka mahali pake. Miaka 33 ilikuwa imepita. Nani angehangaika na tofauti ndogo kiasi hicho kama hakuna toleo la kutayarisha na mtu wa kulinunua?

Msomaji asidhani kwamba natetea kila kasha. Mengine ni biashara ya kuuzia wazee kitu walichokwisha kununua mara tatu. Bitches Brew, kwa mfano, ni kazi iliyojengwa kwa wembe: mtayarishaji Teo Macero alikata kanda na kuziunganisha upya hadi ikapatikana kazi ambayo hakuna bendi iliyowahi kuipiga hivyo kwa mkupuo. Mwaka 1998 yakatolewa mavuno yote ya vikao vile na vya miezi iliyofuata, CD nne, na Macero mwenyewe hakufurahi. Niko upande wake. Mhariri anayetupa ukurasa amefanya kazi, na kuuokota ukurasa huo jalalani si lazima iwe heshima kwa mwandishi.

Yapo pia makasha ya bei rahisi ya Ulaya, albamu nane ndani ya CD nne. Haya yana historia ya kisheria inayostahili kujulikana. Ulaya ililinda rekodi za sauti kwa miaka 50. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukaongeza muda hadi miaka 70, lakini rekodi zilizokwisha kutoka kwenye ulinzi hazikurudishwa. Matokeo yake ni kwamba karibu jazi yote iliyotolewa kabla ya mwaka 1963, yaani kiini cha zama zake za dhahabu, yeyote huko anaweza kuichapa na kuiuza bila kumlipa aliyeipiga. Mtunzi bado ana haki yake, mpigaji hana. Makasha hayo mara nyingi hayana kijitabu, wala majina, wala tarehe. Hunikumbusha vitabu vya kivuli vinavyouzwa kwenye vibanda vya kutoa kopi karibu na chuo, ambavyo kurasa za shukrani na za mchapishaji hukatwa ili kuokoa karatasi. Ninayo makasha kadhaa ya aina hiyo, na sijifanyi msafi, kwa maana hata kivuli cha kitabu humfikisha mtu kwenye mtihani. Lakini ukiyaweka pembeni mwa yale yenye kijitabu utaona kilichokatwa.

Hapa niseme kuhusu kanda moja ambayo, kama ningekuwa nafundisha utunzaji wa nyaraka, ningeanzia nayo. Tarehe 29 Novemba 1957 palifanyika tamasha la hisani katika ukumbi wa Carnegie, New York, kuchangia kituo cha jamii cha Harlem. Miongoni mwa waliopiga ni Thelonious Monk na bendi yake ya watu wanne, akiwemo John Coltrane. Ushirikiano wa wawili hao ulidumu miezi michache na uliacha rekodi chache mno, kiasi kwamba wapenzi wa jazi waliuzungumza kama watu wanavyozungumza juu ya mji uliozama baharini. Mwaka 2005, Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani alikuwa akishughulikia kanda za zamani za redio ya Sauti ya Amerika ili ziingizwe kwenye kompyuta. Akakuta maboksi yaliyoandikwa kwa ufupi tarehe na jina la ukumbi, na juu ya mojawapo mtu alikuwa ameandika kwa mkono: T. Monk. Mwaka huo huo CD ikatoka.

Hadithi hii ina kejeli yake. Redio ile ilikuwa chombo cha propaganda, iliyoundwa kuzungumza na walimwengu na si Wamarekani wenyewe. Serikali iliipeleka jazi nje kama ushahidi wa uhuru, mwaka ule ule ambao Louis Armstrong alikataa safari ya kiserikali ya Umoja wa Kisovieti kwa hasira ya yale waliyotendewa watoto weusi wa Little Rock waliotaka tu kuingia darasani. Propaganda ilikufa njiani. Kilichosalia ni fundi aliyebonyeza kitufe, karani asiyejulikana aliyeandika herufi chache kwenye boksi, na maktaba ya umma ambayo haikulitupa. Kwa sababu yao leo namsikia Monk akicheka kwa vidole, na nyuma yake mpiga dramu aliyeitwa Shadow Wilson. Shadow ni kivuli. Alifariki mwaka 1959, na usiku ule aliopiga kwa ustadi wa ajabu ulikaa ndani ya boksi kwa karibu nusu karne.

Hata hivyo, si kila boksi hupata karani mwema. Michael Cuscuna, aliyeanzisha Mosaic Records na Charlie Lourie mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika ghala la Blue Note, akikutana na kanda ambazo hazikueleza vya kutosha. Dawa yake ilikuwa rahisi na ya kuchosha: kusikiliza, kuorodhesha, na kuwauliza wanamuziki waliokuwa bado hai nani alikuwa chumbani siku ile. Makasha ya Mosaic hutolewa kwa idadi maalumu, kila moja lina namba, na likiisha limeisha. Cuscuna alifariki mwaka 2024.

Na sisi je? Niliwahi kuuliza darasani nani anamjua Mbaraka Mwinshehe. Karibu mikono yote ikainuka. Nikauliza nani alikuwa akipiga tumba nyuma yake. Kimya. Bendi zetu zilijiita Jazz kwa fahari: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz. Muziki wao ulikuwa karibu zaidi na rumba ya Kuba kuliko New York, lakini jina lilibeba maana yake, tarumbeta na saksafoni na usasa. Kwa miongo kadhaa walirekodi zaidi katika studio ya redio ya taifa, na mtangazaji akataja bendi, wimbo, pengine na mwimbaji. NUTA Jazz ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na ningependa sana kujua ni wasikilizaji wangapi walioweza kuwataja wafanyakazi wenyewe waliokuwa jukwaani.

Baba yangu mdogo alipiga saksafoni ya pili katika bendi moja ya mkoani. Aliacha muziki, akawa karani wa ghala, akafariki bila kuwahi kuzungumzia sana habari hizo. Miaka michache baadaye, CD moja ya marudio iliyotayarishwa Ulaya ilinifikia kwa posta. Ilikuwa kazi nzuri, ya watu waliojali. Wimbo wa bendi yake ulikuwa wa tisa. Katika kijitabu, mbele ya saksafoni ya pili, waliandika: hajulikani. Nilimpelekea mjane wake, mama mdogo, nikamchezea bila kumwambia chochote. Alisikiliza hadi pale saksafoni inapochelewa kidogo kuingia, akasema, "Huyo ndiye. Hata kula alikuwa akichelewa."

Niliwaandikia watayarishaji. Walijibu kwa adabu kwamba watasahihisha wakichapa tena. Hawajachapa tena, kwa sababu CD haziuziki. Wimbo sasa upo kwenye simu, kama wageni wangu wasemavyo, na huko hata neno "hajulikani" halipo tena. Nakiri kwamba nililipenda kidogo neno hilo. Angalau lilimwachia mtu nafasi yake, kama kiti kilichowekwa mezani.

Tangu hapo nimekuwa nikimtembelea mpiga tumba wa bendi ile, mzee aliyepita miaka themanini, nikiwa na kichezeo kidogo cha CD na daftari. Husikiliza akiwa amefumba macho, hutaja majina, hugombana na kumbukumbu yake, hubadili, kisha hurudi kwenye jina la kwanza. Mpaka sasa tuna wapigaji saba kati ya wanane. Aliyebaki ni mpiga besi. Mzee anasema alikuwa kijana wa reli aliyehamishiwa Kigoma, na kwamba yuko mwenzao mmoja Tabora anayeweza kumkumbuka vizuri zaidi. Yeye mwenyewe analikumbuka jina la utani tu, nalo si la kuandikwa hapa. Likizo ikianza nitapanda treni.